Tisa kwa Kumi

Siku ya mnada Karatu, watu na ng'ombe hugombea njia moja, na mara nyingi wenye adabu ni ng'ombe. Hyasinta alikuwa amejibanza kwenye kibaraza cha duka la mama Elieshi, alikokuwa akishona cherehani, gauni la maua mekundu ndani ya sweta la kijani, akisoma karatasi moja kwa mara ya saba. Mara kijana mwenye suruali ya bugaluu pana kama pazia la kanisa na viatu vya raizoni vyenye soli ndefu akateleza kwenye tope mbele yake, akaketi. Akaketi hasa, kama mtu aliyekaribishwa kiti.

"Karibu," Hyasinta akasema. "Ingawa naona umeshakaa."

Kijana aliitwa Elimringi, karani wa mapokezi kwenye hoteli moja kule juu, ukingoni mwa kreta. Alikuwa ameshuka na lori kuchukua viazi. Akajitambulisha kuwa ni Mchaga, tena Mchaga wa ajabu, hana hata duka. Hyasinta akaona anayejua Kiingereza asipotee bure, akampa ile karatasi. Hoteli hiyohiyo ilikuwa inatafuta msichana wa mapokezi, na maombi yafike "by", yaani kufikia, tarehe 25 Januari 1977. Leo ndiyo tarehe 25. Je, siku yenyewe imo au haimo?

"Imo," Elimringi akasema, akijipangusa tope. "Nipe barua yako ya maombi, niipeleke mwenyewe."

Hyasinta akaitwa kwenye usaili. Kabla hajaenda, mpaka wa Kenya ukafungwa, watalii wakakatika kama maji ya bomba, na kazi ikafa kabla ya kuzaliwa. Kilichobaki ni daftari moja la mazoezi ya Kiingereza.

Kila Ijumaa lori la hoteli liliposhuka, dereva Wilibrodi alilileta daftari kibarazani na kuondoka nalo. Hyasinta aliandika sentensi za Kiingereza, Elimringi akasahihisha kwa kalamu nyekundu, ili kazi ikirudi imkute tayari. Kilichomsumbua ni siku na tarehe. Lini mtu aseme "by", lini "until"? Elimringi akamjibu kwamba bibi anayekusubiri "until" Alhamisi hatoki mlangoni mpaka Alhamisi. Lakini mbuzi wa kurudi "by" Alhamisi anaweza kurudi hata Jumanne, ilimradi Alhamisi isimpite. Tunga mambo ya uongo, akamwandikia, ndiyo yanayokaa kichwani. Basi Hyasinta akatunga: bibi, mbuzi, padri aliyepotea porini siku kumi na nne.

"Huyo padri apumzike," kalamu nyekundu ikaandika pembeni. "Wewe umenikumbuka kwa muda gani?"

"Tangu Jumanne," Hyasinta akajibu, "ukiondoa mapumziko ya chakula."

Mara mbili Elimringi alishuka mwenyewe na kopo la jemu, akamwita Hyasinta mwanafunzi wangu wa pekee, naye akaitwa mwalimu wa matope. Hyasinta alilala na daftari chini ya mto. Lakini Elimringi alikuwa na mizaha mia. Neno moja zito lilimshinda kutamka.

Aprili, wazee wa Kansay wakafika Buger, nyumbani kwao Hyasinta, kumposea Bartolomeo, mkulima mpole mwenye maksai wanne. Baba akakubali. Kama desturi, ndoa ingetangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, ya mwisho ikiwa Mei 8. Baba hakuwa mkatili. "Kama yupo mwingine," akamwambia binti yake, "aje na wazee wake kabla tangazo la tatu halijasomwa. Likisomwa, nimefunga mdomo."

Amwambieje? Simu ya upepo ya hoteli, ukinong'ona unasikika mpaka Seronera. Wilibrodi naye alisoma kila kitu kilichoandikwa kwa Kiswahili. Na binti gani wa Buger anamwita mwanaume aje kumposa? Akaandika daftarini kwa Kiingereza: Baba yangu atasubiri mpaka Jumapili, tarehe 8 Mei. Asipokuja mtu kutoka kreta kufikia siku hiyo, nitaolewa Kansay.

Masika ikakata barabara. Lori likaja baada ya wiki mbili, Ijumaa ya tarehe 6. Hyasinta akafuta mikono, akafungua.

"Vizuri sana, mpenzi," ilisema kalamu nyekundu. "Until na by, yote mawili yamekaa mahali pake. Huyu baba ni hodari kuliko padri wako. Nataka kujua binti ataokokaje. Alama moja nimekata, siku na miezi huanza kwa herufi kubwa. Tisa kwa kumi."

Alisoma mara mbili. Wazee wa Elimringi watoke Kilimanjaro kwa siku mbili, kwa barabara ile? Akalifunga daftari. Jumapili alikaa upande wa wanawake, akasikia jina lake likisomwa mara ya tatu. Hakuna hata aliyekohoa.

Jumatatu Elimringi akatokea kibarazani na sanduku kichwani. Hoteli imewapunguza kazi yeye na wenzake, akasema, lakini yeye anaenda Moshi kuongea na baba yake mkubwa juu ya jambo fulani, na Hyasinta abahatishe ni jambo gani. Kisha akaona kitambaa cheupe kwenye cherehani.

"Gauni la nani hilo?"

"La yule binti wa kwenye daftari."

Alicheka. Kicheko kikamwishia mdomoni. Akaomba daftari, akasoma mwandiko wake mwenyewe polepole, kama barua ya msiba.

"Nilidhani ni bibi na mbuzi."

"Najua, mwalimu."

Akamsihi wapande basi leo hii. Hyasinta akatikisa kichwa. "Baba amefunga mdomo. Na mimi, jina langu liliposomwa mara ya tatu, sikusimama."

Elimringi akachukua penseli ya kuchorea vitambaa, akapiga goti kwenye mbao za kibaraza, akaandika daftarini kwa Kiingereza, bila mzaha hata mmoja, kwamba anaomba kumwoa na kukaa naye mpaka kifo. Akampa.

Hyasinta akachomoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa shati la Elimringi. Alisoma bila haraka, neno kwa neno. Chini akaandika: tisa kwa kumi.

Elimringi akalipokea daftari. "Moja umeikata wapi?"

"Kwenye tarehe," Hyasinta akasema, akazungusha gurudumu la cherehani.