Waya wa Kijani

Nyumba ilikuwa haijaunganishwa umeme bado, lakini boksi la swichi la sebuleni lilimng'ata. Fundi Shoti, kama majirani walivyozoea kumwita fundi huyu wa umeme, aliruka, akanyonya kidole, akacheka peke yake. "Yaani nyumba yangu mwenyewe ndiyo inanifanyia hivi!"

Hakuna boksi la chuma aliloliacha bila ethi. Kila moja alilifunga waya wa kijani kwa skrubu yake, wa kuushusha umeme mbovu ardhini, na nyaya zote zikaishia kwenye fimbo ya shaba aliyoipigilia nyuma ya jiko.

Basi maboksi yakaanza kunuka udongo mbichi. Kisha kukwaruza, ndani ya ukuta, kutoka jikoni kuelekea chumba cha binti yake mdogo. Mtoto akawa anaongea na soketi mchana kutwa, na kila akilala anaamka wa baridi, midomo imepauka.

"Mume wangu, mtoto anatutoka," mkewe alinong'ona. "Nimemwita shangazi. Yuko njiani."

Shangazi alikuwa mganga, na siku nyingine Shoti angemkejeli. Leo hakuwa na ubavu huo, wala subira ya kumngoja: kukwaruza kulipofika kichwani pa kitanda cha mtoto, na harufu ya udongo ikajaa chumbani, na boksi likaanza kuhema, ndiyo, kuhema, kama mtu aliyepanda mlima, Shoti alikimbia nyuma ya jiko, akaukata waya wa kijani kwa koleo, akaing'ang'ania fimbo kwa mikono miwili huku akilia na kumtaja Mungu, mpaka ikang'oka, ncha yake imezongwa na nywele ndefu nyeupe.

Kimya.

"Nimemkatia njia!" alimwambia shangazi aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia uani.

Shangazi alisimama palepale. "Ulipokata alikuwa wapi, mkwe? Chini au ukutani?"

"Ukutani. Chumbani kwa mtoto."

"Ole wako! Umemkatia njia ya kurudi. Hebu niambie wewe fundi: kilichomo kwenye boksi kikikosa ethi, kinapita wapi?"

Shoti aligeuka kutazama dirisha la mtoto.

"Kwa anayeligusa," alisema.

Mkewe akaita kutoka ndani, furaha tele: "Baba watoto, njoo uone! Ameamka, ana joto, anacheka! Kalishika boksi hataki kuliachia. Eti mgongo wake hauumi tena, msumari umetoka. Msumari gani huo?"