Chai Aliyoikataa Ghizlane

Ghizlane, fundi wa kaftani, nusura aanguke katikati ya soko la Derb Omar, mzigo wa vitambaa ukiwa begani. Anouar, muuza machungwa, alimdaka mkono.

"Umekula leo, dada?"

"Nimemeza vidonge."

"Nimekuuliza chakula, mrembo, sijauliza duka la dawa!"

Ghizlane alicheka, akala machungwa mawili, na kwa miezi minne simu zao hazikupoa.

Balaa lilianza Ijumaa alipopelekwa kwa Lalla Rqia, mama yake Anouar. Alivaa kaftani ya kijani aliyoishona mwenyewe. Baada ya kuskusi, Lalla akamimina chai ya mnanaa, povu likajaa juu ya glasi.

"Samahani, Lalla, sitakunywa."

Kumkatalia Lalla Rqia chai yake ni kumkatalia nyumba yake.

"Mwanangu ametuletea malkia," akasema, akaiondoa glasi.

Jioni Anouar akapiga simu. "Umemdhalilisha mama yangu! Glasi moja tu, Ghizlane!"

"Siwezi kukueleza."

"Basi na mimi siwezi kukuoa." Akakata.

Ghizlane alilia mpaka macho yakavimba. Aliogopa kuitwa mgonjwa. Nani anamtaka bibi harusi mgonjwa? Mwaka mzima alikuwa akiruka chakula cha mchana na kuteremsha vidonge vyake vya kuongeza damu kwa chai, akijiona amemaliza kazi. Siku chache kabla ya Ijumaa ile, daktari alikuwa amemgombeza: chai inazuia dawa isifanye kazi, na vidonge si chakula.

Siku ya tatu alibisha hodi kwa Lalla Rqia, akaweka vidonge mezani.

"Damu yangu ni pungufu, Lalla. Daktari amenikataza chai karibu na mlo na dawa. Niliogopa mtanikataa."

Lalla akaviokota vidonge, akavigeuza kiganjani.

"Mjinga wewe! Ungesema!"

Akaingia jikoni, akarudi na dengu, ini la kukaanga na chungwa. "Vidonge meza kama ulivyoambiwa. Lakini hivi navyo ule, tena mbele yangu." Kisha akashika simu. "Anouar, njoo. Mkeo anakula."

Anouar alifika akihema. "Nisamehe, roho yangu. Bado utakubali nikuoe?"

"Acha nimalize dengu kwanza."

"Mama, chai iko wapi?"

"Itangoja saa mbili nzima. Na wewe utangoja nayo!"

Muda ulipotimia, Lalla alimimina glasi tatu. Ghizlane akamaliza yake, akamsogezea mama mkwe glasi ajaziwe tena.