Wa Kawaida Tu

Msafiri wa kwenye runinga alipiga chafya. Fundi wa miwani aliitazama rimoti ya mchezo wa video mikononi mwake. Hakuwa amebonyeza kitu.

"Kaka, huyu mtu huwa anapiga chafya?"

"Wewe cheza tu," kaka yake alijibu kutoka jikoni, kwa sauti ya chini.

Mchezo ule wa zamani ulisifiwa na dunia nzima. Watu wazima walikiri kwamba uliwaliza. Kaka, aliyemlea fundi tangu wazazi wao wafariki, aliucheza miaka kumi na mmoja, akakonda hadi miwani aliyotengenezewa na mdogo wake ikawa inamtelezea puani. Sasa alikuwa ameuleta hapa kwa mdogo wake huyo, na kila jioni alipita kuuliza swali lile lile.

Ukweli ni kwamba mchezo haukumgusa fundi. Muziki mzuri, sawa. Lakini msafiri alitembea, akafungua sanduku, akatembea tena. Fundi akapiga miayo. Msafiri naye akapiga miayo, akageuka, akamtazama.

"Umeupenda?" kaka aliuliza siku ya tatu.

"Si mbaya. Wa kawaida tu."

Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Ndani ya spika mtu alivuta pumzi ndefu, na kaka akaanza kulia bila sauti, huku akisugua bega lake kana kwamba kuna mkono umemkamata pale, na fundi, ambaye hakuwahi kumwona akilia hata siku ya mazishi ya wazazi wao, akaona haya kumnyima neno dogo namna ile, neno lisilomgharimu kitu, akalisema.

"Haya basi, nimeupenda sana."

Spika ikanyamaza. Kaka akanyoosha bega, akafuta machozi haraka mno.

"Nisamehe, mdogo wangu," alinong'ona. "Jini lililomo humu haliachi mtu mpaka mchezo wake usifiwe na mwingine. Unadhani kwa nini wote wanausifu hivyo?"

"Ulijua. Na ukaniletea mimi."

"Ni wewe tu usiyeweza kuninyima kitu."

Akatoka bila kuaga. Mkono wa baridi ulikuwa umeshatua begani kwa fundi, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba kaka hakugeuka nyuma hata mara moja.

Binti wa fundi akaingia na begi la shule.

"Mama, huu ndio mchezo wa mjomba? Darasani wanasema hakuna kama huu. Ni mzuri?"

Harufu ikarudi. Kucha zikamzama fundi begani taratibu, zikisubiri, na msafiri akasogea mpaka uso wake ukaijaza runinga yote, na macho yake hayakumtazama fundi tena, yalimtazama mtoto, na fundi akajua kwamba kama angemsifia mwanawe mchezo huu sasa hivi, naye akasadiki, na siku moja akausifu kwa mdomo wake mwenyewe, bega lingekuwa jepesi na yeye angekuwa huru kama kaka.

"Hapana, mwanangu," alisema, akachomoa waya ukutani. "Wa kawaida tu."

Kioo kikawa cheusi. Waya ulikuwa bado mkononi mwake aliposikia, ndani ya runinga, mtu akipiga chafya.