Jina la Diski

Yaliyompata Soipan, rafiki yetu wa Kitengela, yalimpata mchana wa saa tisa, wingu la mvua likiwa limetanda.

Kesho yake ndugu yake Lemayian alikuwa anaoa kule Bisil, na baraka ambazo marehemu mama yao aliwarekodia zilikuwa katika diski moja tu ya nje. Kila Soipan alipoichomeka, kompyuta ililia tin-ton, kisha ton-tin, na diski ikapotea kwenye skrini. Alibadilisha kebo. Akajaribu tundu la nyuma. Tin-ton. Ton-tin.

Mwishowe kompyuta ikamtaka aipe diski jina. Akaandika la mama bila kufikiri: Noonkishu. Kwao jina la marehemu halitajwi, asije akadhani anaitwa.

Diski ikatulia. Halafu stima ikapotea.

Sebule ikawa giza. Soipan akachomoa kebo, akaiweka diski mapajani, akampigia Lemayian.

"Imeshika, lakini stima imeenda."

"Itarudi tu. Na mbona hujasema uko na mgeni?"

"Mgeni gani? Niko peke yangu."

"Wacha mchezo, Soipan. Huyo mama anaongea hapo nyuma yako. Nimemsalimia kwa Kimaasai, 'takwenya,' akaitika 'iko,' vile wamama huitika."

Soipan akageuka nyuma, akasikiliza. Mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati. Mapajani mwake, diski isiyo na kebo ikaanza kuzunguka.