Nilivyomsifu Mwizi wa CV Yangu

"Hii CV umeiba wewe!"

Madam wa ajira wa kampuni moja ya ulinzi, huko Jebel Ali, Dubai, akanisukumia karatasi nyingine mezani.

Maneno yangu yote! Digrii yangu, chuo changu, hadi mradi wangu wa mwaka wa mwisho kuhusu kuku wa mayai. Lakini jina? Caren. Picha? Caren, anatabasamu!

Caren tunayelala naye chumba kimoja Deira. Caren niliyemwazima laptop "aangalie emaili kidogo".

"Madam, ni yangu..."

"Mwenzako alileta jana. Khalas, imeisha! Anayefuata!"

Visa yangu ya matembezi ilikuwa imebaki siku tisa. Nililia kwenye metro bila aibu.

Sasa nyinyi mliotupa kofia za mahafali juzi, sogeeni. Mnajua tunavyoweka refa kwenye CV, bosi wa zamani wa kutusifia? Mimi sijawahi kuwa na bosi. "Madam Rosette" wa CV yangu ni mimi mwenyewe, kwa laini yangu ya pili. Na Caren alikopi mpaka namba!

Sijafika hata Deira, laini hiyo ikaita: yule madam wa ajira!

"Madam Rosette? Unamjua Caren?"

Mungu wangu! Ningeweza kummaliza hapo hapo... Lakini kumnyima kazi ni adhabu ya siku moja. Nilitaka adhabu ya mkataba wa miaka miwili!

Nikaikaza sauti.

"Caren? Namjua sana! Jua halimsumbui. Siku ya ofu hataki. Mweke geti la nje, joto la Agosti nzima!"

Nilicheka mpaka abiria wa kando akahama kiti.

Kesho yake Caren akahamia bweni la kampuni, hatukuonana tena. Wiki moja baadaye, visa ikiwa imebaki siku mbili, ajenti akanipatia kazi ya ulinzi. Basi likatushusha... kampuni ile ile!

Supavaiza akatoka kwenye kiofisi chenye AC, redio mkononi. Caren!

"Wewe ndio supavaiza?!"

"Si madam wa ajira alisema hajawahi kuona mtu hataki ofu, akanipa usupavaiza! Halafu yule bosi wako wa zamani ni mtu poa, aki. Amenisifu na hata hanijui! Mpigie umshukuru."

"Nitamwambia."

"Poa. Wewe shika geti la nje."

Nawaandikia nikiwa hapa getini, shati limelowa chapachapa. Wasomi wangu, ukiwa na hasira na mtu, mtukane yaishe. Usimsifie adui yako kwa mwajiri, maana mwajiri anaweza kukuamini!