Vidole vya Msusi

Kila asubuhi msusi aliamka na vidole vilivyokakamaa. Binti yake ndiye aliyemfunga vifungo vya blauzi. Saluni aliifunga. Mikono iliyosuka nusu ya mtaa sasa ilishindwa hata kushika kitana.

Wifi yake alisema ni baridi tu. Akamletea mafuta ya kuchua, chupa juu ya chupa. Msusi akajichua mpaka ngozi ikababuka. Vidole vikazidi kuvimba, na magoti nayo yakaanza.

Mwishowe mumewe akampeleka hospitali. Muuguzi wa kliniki akamkalisha, akamweleza taratibu.

"Mama, hii ni baridi yabisi. Kinga ya mwili ni mlinzi, kazi yake kufukuza vijidudu. Mlinzi wako amekosea. Anawapiga wenye nyumba."

"Kwa hiyo mwili wangu unajipiga wenyewe?"

"Ndiyo. Unashambulia viungo. Mafuta hayafiki huko, dawa zinafika."

Akaanza dawa. Maumivu yalipungua, lakini uvimbe ulikataa katakata. Ndipo muuguzi akamwambia kuwa kampuni mbili za dawa zimeshirikiana. Moja ilikuwa imegundua dawa mpya ya kumtuliza huyo mlinzi. Nyingine ilikuwa na viwanda na uzoefu wa kupima dawa kwa wagonjwa. Sasa walitafutwa watu wa kujitolea kuijaribu.

Mume akaja juu. Hakutaka mkewe ajaribiwe kama panya. Muuguzi hakukasirika. Alisema dawa ilishapimwa kwa watu wachache, ila madhara yanaweza kutokea, ndiyo maana damu ingepimwa mara kwa mara. Wengine wangepewa mpya, wengine ya zamani, bila mtu kujua amepewa ipi mpaka mwisho. Na msusi angeweza kujitoa wakati wowote, matibabu yake yakaendelea.

Msusi aliuliza maswali yake yote. Kisha akamgeukia mumewe.

"Baba, mikono ni yangu. Nakubali."

Wiki zikapita kimya. Siku moja jikoni akajikuta amefungua kifuniko cha chupa bila kumwita mtu. Akakifunga, akakifungua tena. Akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Utafiti ulipokwisha, ikajulikana kuwa alipewa dawa mpya, na kwamba iliwasaidia wengi. Baadaye ikaruhusiwa hospitalini. Haimalizi ugonjwa, kwa hiyo anaendelea kuimeza na kliniki haikosi.

Saluni ikafunguliwa. Wa kwanza kukaa kitini alikuwa wifi.

"Wifi, unavuta mno," akalalamika.

"Vumilia," msusi akasema, akizidi kukaza msuko. "Nimerudi kazini."