Furungu la Siku Saba

Furungu shahidi lilikuwa jepesi kuliko saa ya mkononi, lakini lilijua habari za mguu wa mtu kuliko mwenyewe. Lilifungwa juu ya kifundo, likahesabu kila hatua, kila goti lililokunjwa, na kila mara mguu ulipobeba uzito. Lilisikia pia sauti zilizo karibu, ili mtu asilidanganye. Yeyote aliyeomba kibali cha maegesho ya watu wenye ulemavu katika jiji la Bukoba alilivaa siku saba. Zamani madaktari waliandika barua, na barua zikauzwa, hata wenye afya wakaegesha mlangoni huku wenye magongo wakipanda kilima. Wahandisi wakaleta chombo kisichohongeka. Kilipima mwendo tu. Maumivu, walisema, hayana kipimo.

Kemilembe alikuwa na miaka sitini na mmoja, na nyonga yake ya kushoto ilikuwa imesagika. Mumewe, Mutalemwa, alikuwa amelazwa katika hospitali ya kilimani tangu kiharusi kimpige. Roboti ya wodini ilipompelekea kijiko, alifumba mdomo. Alikula kwa mkono wa mkewe tu, saa saba mchana.

Magari jiendeshi yalilitii jiji, si abiria. Bila kibali, gari lilimshusha Kemilembe bondeni, hatua mia tisa kutoka mlangoni, likaondoka. Alipanda kwa gongo, akiketi njiani mara nne. Siku nyingi alifika sahani imekwisha kuondolewa. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi: Mutalemwa akipungua kilo mbili zaidi atapitishiwa mpira puani, na mgonjwa wa hali yake akishazoea mpira, hajifunzi tena kumeza.

Kwa hiyo alilivaa furungu kwa matumaini. Kila asubuhi alisali, "Bwana, kionyeshe chombo hiki kile ninachokificha."

Siku ya sita alikuja Mzee Rwegasira kutoka Kamachumu, baba mdogo wa Mutalemwa, mwenye miaka tisini. Kemilembe aliposikia kikohozi chake mlangoni aliweka gongo nyuma ya kabati, akakaza kitenge, akapiga magoti sakafuni kama alivyofundishwa na mama yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Loo, magoti bado ya msichana! Wake wa wajukuu zangu hunipungia mkono kama naondoka, kumbe ndiyo kwanza naingia."

"Hao ni wa leo, baba."

Salamu za kwao hazikatizwi. Mzee aliuliza habari za mgonjwa, za mvua, za migomba, za kila mtoto kwa jina, na Kemilembe akajibu zote akiwa magotini, akitabasamu, kwa sababu kumkunjia mgeni uso ni kumfukuza. Kisha akainuka bila kushika kitu. Walitafuna punje za kahawa, wakacheka. Mzee alipokwisha kuondoka, Kemilembe alilala kwenye sakafu ya jikoni hadi jioni, akiuma pindo la kitenge.

Furungu liliandika: mapumziko.

"Mama, ombi limekataliwa," alisema Asteria, karani wa idara ya maegesho, siku saba zilipokwisha, akimgeuzia kioo cha kompyuta. "Siku ya sita ulipiga magoti dakika kumi na moja, ukainuka mwenyewe. Chombo kinasema anayeweza hivyo anaweza kupanda kilima."

"Alikuja mkwe wangu. Ulitaka nimwamkie nimeketi?"

Asteria alikuwa binti wa kwao. Alitazama chini. "Hata mimi ningepiga magoti."

"Basi andika hivyo."

"Hakuna pa kuandika, mama. Kuna mwendo tu. Omba tena. Na safari hii, nisamehe kwa kusema, akija mtu usiinuke."

Kemilembe akalivaa furungu tena. Siku ya tatu mzee akaja, bila taarifa, kama wazee wajavyo. Kemilembe alibaki kwenye kigoda.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. Alimtazama, akatazama sakafu mbele yake, pale magoti yalipopaswa kuwa.

"Baba, ni chombo hiki mguuni. Kikiniona nimepiga magoti, nitanyimwa kibali cha kumfikia Mutalemwa."

"Kwa hiyo chombo ndicho kinachoamuru nani aamkiwe nyumbani kwa mwanangu?"

"Naumia, baba. Naumia siku nyingi."

"Wiki ile ulikuwa mzima ukicheka nami." Aliweka kifurushi cha kahawa kizingitini. "Mume hajafa, Kemilembe, nawe umekwisha kuketi kama mjane."

Akaondoka bila kuonja maji.

Asteria safari hii hakukigeuza kioo. "Chombo kimelinganisha wiki mbili," alisema kwa sauti ndogo. "Mgeni yuleyule, salamu ileile. Mara ya kwanza magoti, mara ya pili kigoda. Na kimekusikia ukitaja kibali. Kimeandika kwamba unaigiza. Anayeigiza haombi tena kwa miaka mitatu."

"Mutalemwa hana miezi mitatu."

"Najua, mama."

"Rufaa je?"

"Rufaa ni kuvaa furungu. Nawe huruhusiwi kulivaa."

Kemilembe alishika gongo lake. "Ni kweli niliigiza, binti yangu. Ile mara ya kwanza. Na ndiyo mara chombo kiliponiamini."

Nyuma ya Kemilembe foleni ilikuwa ndefu, na kila mguu ulikuwa na furungu.

Siku hiyo gari lilimshusha bondeni saa sita na nusu. Alipanda akiwa na bakuli la ndizi zilizopondwa, na kila alipoketi alisali. Kwanza aliombea mguu. Kisha akaombea saa isimame. Mara ya nne hakujua tena aombe nini, akasema tu jina la Mungu, mara nyingi, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye taa.

Alifika saa nane kasoro robo. Mpira ulikuwa umekwisha kupitishwa puani mwa Mutalemwa, umebandikwa kwa plasta nyeupe. Kibao kitandani kilisema: hakuna chakula kwa mdomo.

Mutalemwa alimwona. Macho yake yakachangamka. Akafumbua mdomo, akangoja.